Maswali ya wasomaji: Waarmenia ni akina nani, na nini kiliwapata mwaka 1915?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha, na humo tukasema, kwa sentensi moja tu, kwamba sheria iliyotumika pale ilizaliwa kwa sehemu kutokana na masaibu ya Waarmenia, waliouawa kwa wingi katika Dola ya Uthmaniya, dola ya Waturuki, kuanzia mwaka 1915. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua chache ambazo zikisomwa pamoja zinagusa karibu yote yaliyoulizwa, na majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Dodoma. Vita Kuu ya Kwanza tumeisoma kwa upande wa Ulaya na wa Tanganyika, lakini Waarmenia sijawahi kukutana nao kitabuni. Ni watu wa wapi, na walifikaje kuwa chini ya Waturuki?

Marahaba. Waarmenia ni wenyeji wa nyanda za juu zilizo kati ya Bahari Nyeusi, milima ya Kaukazi na Uajemi, nchi ya baridi kali na maziwa makubwa, ambayo juu yake unasimama Mlima Ararat wenye kimo cha zaidi ya mita 5,000. Jina la nchi yao limo katika maandishi ambayo mfalme Dario wa Uajemi aliamuru yachongwe kwenye jabali la Behistun yapata miaka 2,500 iliyopita. Lugha yao ni tawi linalosimama peke yake katika ukoo mkubwa wa lugha za Kihindi na za Ulaya. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo mfalme wao Tigranes alijenga dola iliyofika hadi Syria, kabla ya majeshi ya Roma kumrudisha alikotoka.

Mambo mawili yaliwapa sura wanayojitambua nayo hadi leo. La kwanza ni kwamba mfalme wao Tiridates wa Tatu aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola mwanzoni mwa karne ya nne (mapokeo yao hutaja mwaka 301), yaani kabla ya Roma yenyewe kufanya hivyo. La pili ni kazi ya mtawa Mesrop Mashtots, ambaye mwaka 405 aliwatengenezea alfabeti yao wenyewe. Tangu hapo watu hawa walikuwa na kanisa lisilo la Wagiriki wala la Warumi, pamoja na vitabu vilivyoandikwa kwa herufi ambazo jirani yao hakuna aliyeweza kuzisoma, na ndiyo maana waliweza kupoteza ufalme mara nyingi bila kupotea wenyewe.

Ufalme waliupoteza kweli, kwa kuwa nchi yao ilikuwa njia ya kila jeshi lililotoka mashariki kwenda magharibi au kurudi. Mji wao mkuu wa Ani ulitwaliwa na Waturuki wa Kiseljuki mwaka 1064. Ufalme wao wa mwisho, uliokuwa Kilikia karibu na Bahari ya Mediterania, uliangushwa na Wamamluki wa Misri mwaka 1375. Baadaye nyanda za juu ziligawanywa kati ya Dola ya Uthmaniya na Uajemi, na mwaka 1828 Urusi ikauchukua upande wa Uajemi. Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 19 Waarmenia walio wengi walikuwa raia wa ama Tsar wa Urusi au Sultani wa Istanbul.

Kwa Sultani walikuwa na Patriaki wao, mkuu wa kanisa, aliyewajibika kwa niaba yao, na kwa muda mrefu waliitwa taifa aminifu. Wengi wao walikuwa wakulima katika mikoa sita ya mashariki, wakiishi vijiji jirani na Wakurdi na Waturuki, ingawa mijini walikuwa mafundi, wafanyabiashara, madaktari na wahasibu wa serikali. Kasri la Dolmabahçe, ambalo watalii hulipiga picha leo Istanbul kama alama ya fahari ya masultani, ni kazi ya wasanifu wa Kiarmenia wa ukoo wa Balyan.

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Lamu. Mara nyingi mtu anapoyataja mambo haya huyatumia kama fimbo ya kuupigia Uislamu. Sultani alikuwa Khalifa, waliouawa walikuwa Wakristo. Je, hii ilikuwa vita ya dini? Tafadhali usinijibu kwa kunifurahisha.

Waalaykum salaam warahmatullah. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, nami nitalipa nafasi kubwa kuliko mengine. Dini ilitumiwa kuamua nani ni adui na kuwatia hamasa wauaji, lakini uamuzi wa kuwaangamiza Waarmenia ulifanywa na wanasiasa ofisini, kwa sababu za kisiasa, na wengi wao hawakuwa watu wa msikitini.

Tazama kwanza urefu wa muda. Waarmenia waliishi chini ya masultani kwa karne nne kama Wenye Kitabu. Hawakuwa sawa na Waislamu: walilipa kodi zao maalumu, ushahidi wao haukuwa na uzito ule ule mbele ya kadhi, na silaha walikatazwa. Hata hivyo waliishi, wakaabudu, wakazaana, wakajenga. Kama dini peke yake ingekuwa sababu, lazima tueleze kwa nini sababu hiyo ililala miaka 400 kisha ikaamka katika kizazi kimoja.

Kilichobadilika katika karne ya 19 ni dola yenyewe, iliyokuwa inamegwa vipande. Ugiriki, Serbia na Bulgaria zilijitenga moja baada ya nyingine, na kila zilipojitenga Waislamu waliokuwa humo waliuawa au walifukuzwa. Urusi nayo iliwafukuza Wacherkesi, nao Waislamu, kutoka Kaukazi katika miaka ya 1860. Mamia kwa maelfu ya wakimbizi hao waliingia Anatolia wakiwa na majeraha yao na chuki yao, na wengine wakapewa ardhi jirani na Waarmenia ambao hawakuwa wamewatendea lolote. Mwaka 1878, katika mkataba wa Berlin, mataifa ya Ulaya yaliahidi kusimamia marekebisho katika mikoa ya Waarmenia, na ahadi ile iliwaharibia zaidi kuliko kuwasaidia, kwa sababu iliwafanya waonekane mawakala wa wageni huku hakuna mgeni aliyetuma hata askari mmoja wa kuwalinda. Vijana wao walianza kuunda vyama vya siri, cha Hunchak Geneva mwaka 1887 na cha Dashnak Tiflis mwaka 1890. Sultani Abdülhamid wa Pili naye mwaka 1891 aliunda vikosi vya wapanda farasi wa Kikurdi vilivyobeba jina lake.

Mwaka 1894 wanakijiji wa Sasun, wakitozwa kodi na serikali na kutozwa tena na machifu wa Kikurdi, walikataa, nao wakachinjwa. Kwa miaka miwili iliyofuata mauaji yalizuka mji kwa mji. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Umenitaka nisikufurahishe: katika miji kadhaa umati ulitoka kwenye sala ya Ijumaa kwenda kuua, na huko Urfa, Desemba 1895, watu wapatao 3,000 waliokimbilia kanisa kuu walichomwa humo ndani. Walikuwapo wahubiri waliochochea. Haitakuwa haki kulificha hilo.

Mauaji ya 1915 yalikuwa ya namna nyingine. Waliokuwa madarakani ni Kamati ya Umoja na Maendeleo, chama cha maofisa na wasomi ambacho mwaka 1909 kilimwondoa Khalifa Abdülhamid kwenye kiti chake. Waarmenia wengi waliyashangilia mapinduzi yao ya mwaka 1908 mitaani, wakidhani zama za usawa zimefika, na chama cha Dashnak kilishirikiana nao bungeni hata baada ya watu wapatao 20,000 kuuawa Adana mwezi Aprili 1909. Ilikuwa ni baada ya kushindwa katika vita vya Balkan vya mwaka 1912 na 1913, na baada ya mapinduzi ya Januari 1913 yaliyowaweka juu ya wote viongozi watatu wa kamati hiyo, Talat, Enver na Cemal (baadaye mawaziri wa mambo ya ndani, wa vita na wa majini), ndipo fikra ya dola ya Waturuki watupu ilipozishinda fikra nyingine zote. Jihadi waliyoitangaza Novemba 1914 waliitangaza wakiwa bega kwa bega na Kaizari wa Ujerumani, Mkristo wa Kilutheri. Nakuachia mwenyewe uipime.

Kuna ushahidi mmoja ambao kwangu una uzito kuliko mingine. Mwanzoni baadhi ya Waarmenia waliosilimu waliachwa majumbani mwao. Lakini mwezi Julai 1915 wizara ya mambo ya ndani ya Talat iliagiza kwamba hata waliosilimu wapelekwe pamoja na wenzao. Anayepigania dini humpokea aliyeingia dini yake. Hawa waliona kwamba Mwarmenia aliyebadilisha jina na kibla bado ni Mwarmenia. Waliopokelewa ni wanawake vijana na watoto, makumi ya maelfu, ambao waliingizwa katika nyumba za Waislamu, wengine kwa huruma ya kweli na wengine kama mali.

Tena, waliokataa amri wakiwa Waislamu si wachache, na majina yao yanajulikana. Celal Bey, gavana wa Aleppo, aligoma kuwahamisha Waarmenia, akahamishiwa Konya, akagoma tena, akaondolewa. Faik Ali Bey wa Kütahya, ambaye pia alikuwa mshairi, aliwalinda Waarmenia wa mkoa wake. Hüseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lice, aliuawa kwa kukaidi amri za gavana wa Diyarbakır, Daktari Mehmed Reşid. Ali Suad Bey wa Deir ez-Zor aliwatafutia wahamishwa chakula na kazi, na kwa kosa hilo akaondolewa mwaka 1916. Wakurdi wa Dersim waliwavusha maelfu kwenda upande wa Warusi. Sharif Hussein wa Makka, akiwa tayari amewaasi watawala wa Istanbul, aliwaandikia viongozi wa Kiarabu kwamba Waarmenia walio katika nchi zao walindwe kama wanavyolinda nafsi zao na watoto wao, kwa kuwa ni watu wa dhima chini ya ulinzi wa Waislamu. Basi anayeitumia historia hii kuupigia Uislamu itambidi kwanza awaondoe hao wote.

Ndugu Mhariri, hapa Nairobi nina mshirika wa biashara Mturuki, mtu mwema. Yeye husema Waarmenia waliungana na Urusi wakati wa vita, serikali ikawahamisha kwa usalama, wakafa kwa njaa na maradhi kama walivyokufa Waislamu, na kwamba hesabu imetiwa chumvi. Nimjibu nini?

Mjibu kwa upole, kwa sababu katika maneno yake yamo mambo ya kweli. Ni kweli kwamba Waarmenia wa upande wa Urusi waliunda vikosi vya kujitolea, na kwamba baadhi ya Waarmenia wa upande wa Uthmaniya walivuka mpaka kujiunga navyo. Ni kweli kwamba Waarmenia wa mji wa Van walishika silaha Aprili 1915 na kujihami ndani ya mitaa yao hadi Warusi walipofika mwezi uliofuata. Ni kweli pia kwamba mamilioni ya Waislamu walikufa katika miaka ile kwa vita, njaa na maradhi, na kwamba mwishoni mwa vita vikundi vya Waarmenia viliwaua wanakijiji wa Kiislamu mashariki kwa kisasi. Mwarmenia anayeyakana haya hausaidii ukweli wa upande wake.

Baada ya kukubali hayo yote, mwombe mshirika wako mfungue ramani. Kama lengo lilikuwa kuwaondoa watu kwenye uwanja wa vita, kwa nini walihamishwa Waarmenia wa Bursa, wa Ankara, wa Konya, wa Edirne, miji iliyo mbali mno na jeshi la Urusi? Na kwa nini walipelekwa Deir ez-Zor, katika jangwa la Syria, ambako hakukuwa na nyumba, shamba wala akiba ya chakula kwa watu wa idadi ile?

Kisha tazameni mpangilio wa matukio. Kati ya Desemba 1914 na Januari 1915 Enver alilipeleka jeshi lake milimani Sarıkamış katikati ya theluji, na makumi ya maelfu ya askari wake wakafa, wengi kwa baridi. Lawama iliwaangukia Waarmenia. Mwezi Februari askari wa Kiarmenia waliokuwa ndani ya jeshi la Uthmaniya walinyang'anywa bunduki na kuwekwa katika vikosi vya kubeba mizigo na kutengeneza barabara, na wengi wao baadaye walipigwa risasi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili, yaani usiku wa tarehe 24 inayokumbukwa kila mwaka, viongozi wapatao 250 wa jamii hiyo walikamatwa Istanbul: waandishi, wabunge wa zamani, madaktari, makasisi. Mmoja wao, kasisi na mwanamuziki Komitas, alirudishwa akiwa hai lakini akili yake haikupona tena. Mbunge Krikor Zohrab, mwanasheria aliyezoea kucheza karata na Talat, alikamatwa majuma machache baadaye na kuuawa njiani karibu na Urfa.

Tarehe 27 Mei ilipitishwa sheria ya muda ya uhamisho. Ukiisoma hutaona jina la Waarmenia mahali popote. Inazungumzia tu watu wanaoshukiwa kuhatarisha jeshi. Utekelezaji wake ndio unaosema. Amri ilifika kwa simu ya maandishi, mpiga mbiu akapita mitaani, na watu wakapewa siku chache za kufungasha. Mara nyingi wanaume walitengwa kwanza, wakatolewa nje ya mji na kuuawa. Wanawake, wazee na watoto walitembezwa kwa miguu wiki baada ya wiki, wakivamiwa njiani na Kikosi Maalumu, ambacho kilijazwa wafungwa walioachiliwa kutoka magerezani, na pia na makabila yaliyoalikwa kuja kupora. Katika korongo la Kemah walitupwa katika Mto Frati. Huko Trebizond walipakiwa kwenye mashua na kuzamishwa katika Bahari Nyeusi. Waliokuwa magharibi walisafirishwa kwa reli ya Baghdad katika mabehewa ya mifugo, tena wakilipishwa nauli. Waliofika jangwani walikusanywa katika kambi kando ya mto, na baada ya Ali Suad Bey kuondolewa, mrithi wake Salih Zeki alisimamia mauaji ya wengi wa waliobaki katika kiangazi cha 1916. Njaa na maradhi viliua kweli, lakini mtu anayenyimwa chakula na maji chini ya ulinzi wa askari hatuwezi kusema amekufa tu kwa njaa.

Nyumba, maduka na mashamba yao vilikabidhiwa kwa tume za serikali zilizoitwa za mali zilizoachwa. Seneta Ahmed Rıza, Mturuki na mmoja wa waasisi wa harakati ile ile ya Umoja na Maendeleo, alisimama barazani akasema si halali kuita mali hiyo iliyoachwa, kwa kuwa wenyewe hawakuiacha kwa hiari. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo mzizi mmoja wa ukanushaji ambao husemwa kwa nadra: utajiri mwingi wa Jamhuri changa ya Uturuki ulitoka katika mali hizo, na anayekubali kosa huulizwa pia habari za hati za viwanja.

Mshirika wako akisema kwamba haya ni propaganda ya maadui wa Uturuki, mtaje balozi wa Ujerumani, Hans von Wangenheim, ambaye nchi yake ilikuwa mshirika wa Uthmaniya vitani na ambaye hakuwa na hamu yoyote ya kuwaaibisha. Julai 1915 aliandika Berlin kwamba serikali kwa hakika inalenga kuiangamiza jamii ya Waarmenia ndani ya dola yake. Konsuli wa Marekani huko Harput, Leslie Davis, wakati nchi yake bado haijaingia vitani, alipanda farasi hadi ziwa lililo karibu na mji na kukuta maelfu ya maiti kandokando yake. Hata mahakama za kijeshi za Uthmaniya yenyewe, zilizofanyika Istanbul baada ya kushindwa vita, ziliwahukumu Talat, Enver na Cemal kifo mwaka 1919 bila wao kuwapo.

Kuhusu hesabu, serikali ya Uthmaniya kabla ya vita ilihesabu Waarmenia wapatao 1,200,000 na ofisi ya Patriaki ikasema wanakaribia 2,000,000. Ndiyo sababu makadirio ya waliokufa hutofautiana, kuanzia 600,000 hadi 1,500,000, na wanahistoria wengi hutaja milioni moja au zaidi. Lakini liko daftari la Talat mwenyewe, lililochapishwa Uturuki mwaka 2008, ambamo Waarmenia waliokuwa takriban 1,250,000 kabla ya vita wanaonekana kubaki takriban 284,000 mwaka 1917. Si wote waliokosekana walikuwa wameuawa, maana wako waliokimbilia Urusi na waliofichwa. Hata hivyo, hesabu ya mtu aliyetoa amri haiwezi kuitwa chumvi ya Waarmenia.

Mwisho wa jibu hili, mjue kwamba wako Waturuki wanaoyasema haya wakiwa ndani ya Uturuki, kwa gharama kubwa. Mwandishi Hrant Dink, raia wa Uturuki mwenye asili ya Kiarmenia na mhariri wa gazeti la Agos, alitiwa hatiani kwa kuutukana utaifa wa Kituruki na akapigwa risasi mbele ya ofisi yake Istanbul tarehe 19 Januari 2007. Katika mazishi yake makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waturuki, waliandamana na mabango yaliyosema kwamba wote ni Hrant Dink, wote ni Waarmenia. Mwaka 2014 Erdoğan, akiwa waziri mkuu, alitoa salamu za rambirambi kwa wajukuu wa waliokufa. Msimamo wa serikali kuhusu jina la tukio haukubadilika.

Je, kuna Waarmenia waliofika Afrika yetu? (Msomaji, Arusha)

Wapo. Septemba 1915 meli za kivita za Ufaransa ziliwaokoa watu wapatao 4,000 waliokuwa wamejihami juu ya mlima wa Musa Dagh na kuwapeleka Port Said, Misri. Karibu zaidi na kwetu ni habari ya Ethiopia. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye aliitwa Haile Selassie, alipoitembelea monasteri ya Waarmenia Yerusalemu alilakiwa na bendi ya watoto yatima waliookoka mauaji, akawachukua vijana 40 hadi Addis Ababa wawe bendi yake rasmi. Kiongozi wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa uliopigwa siku ya kutawazwa kwa mfalme huyo mwaka 1930, na Ethiopia iliuimba hadi miaka ya 1970.

Ndugu Mhariri, mimi ni Mnyarwanda ninayeishi Kigali. Mnaitaje mauaji ya 1915 kuwa ya kimbari wakati mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa mwaka 1948? Sheria hairudi nyuma.

Pole kwa yaliyoipata nchi yako, na swali lako ni la mwanasheria. Mahakamani uko sahihi: hakuna mtu angeweza kushtakiwa kwa mkataba wa tarehe 9 Desemba 1948 kwa kosa la mwaka 1915, na washtakiwa wakuu walikuwa wameshakufa. Lakini kulitambua tukio si sawa na kumhukumu mtu. Mkataba unataja nia ya kuangamiza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kundi la taifa, kabila, mbari au dini; mwanahistoria anaweza kuutumia ufafanuzi huo kupima tukio lolote, kama daktari wa leo anavyoweza kusoma dalili zilizoandikwa zamani na kuutambua ugonjwa ambao wakati ule haukuwa umechunguzwa.

Zaidi ya hayo, mkataba wenyewe ulitokana kwa sehemu na kesi ya Waarmenia. Tarehe 24 Mei 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitoa tamko la pamoja kwamba viongozi wa Uthmaniya watawajibishwa wao binafsi kwa jinai dhidi ya ubinadamu na ustaarabu. Vita vilipokwisha tishio hilo liliyeyuka, na mkataba wa amani wa Lausanne wa mwaka 1923 haukuwataja Waarmenia hata kidogo. Talat aliishi Berlin kwa jina la bandia hadi tarehe 15 Machi 1921, alipopigwa risasi na kijana wa Kiarmenia, Soghomon Tehlirian, aliyepoteza jamaa zake. Baraza la wazee wa mahakama ya Berlin lilimwachia huru baada ya kesi ya siku mbili. Mwanafunzi mmoja Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, aliifuatilia kesi hiyo akajiuliza kwa nini ni kosa kwa Tehlirian kumwua mtu mmoja lakini si kosa kwa mtawala kuua watu wake milioni. Lemkin ndiye aliyekuja kuliundia kosa hilo jina (genocide, yaani mauaji ya kimbari) mwaka 1944 na kupigania mkataba wa 1948, na mwenyewe alisema baadaye kwamba alianza kulifikiria jambo hilo kwa sababu lilitokea mara nyingi, kwanza kwa Waarmenia.

Tangu hapo mkataba ulikaa kwenye makabati kwa miaka 50 hivi bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, hadi tarehe 2 Septemba 1998, pale Arusha, alipohukumiwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Kwa hiyo mnapokumbuka mwezi Aprili, ninyi tarehe 7 na wao tarehe 24, mnakumbuka chini ya sheria moja. Nchi zaidi ya 30 zimeyatambua rasmi mauaji ya Waarmenia, Uruguay ikiwa ya kwanza mwaka 1965. Bunge la Ujerumani lilifanya hivyo mwaka 2016 na kukiri sehemu ya lawama ya Ujerumani. Rais wa Marekani alitamka hivyo mwaka 2021, baada ya miongo ya kuogopa kumkasirisha mshirika wake wa kijeshi.

Nipo Muscat. Mwaka 2023 nilisikia Waarmenia wamekimbia tena, safari hii kutoka Karabakh. Je, ni mwendelezo wa yale yale?

Ni jambo linalohusiana, lakini usiyachanganye. Nagorno-Karabakh ilikuwa mkoa wa Waarmenia ndani ya Azerbaijan ya Kisovieti. Mwaka 1988 walipoomba kujiunga na Armenia, Waarmenia waliuawa Sumgait, na Januari 1990 Baku. Katika vita vilivyofuata hadi 1994 Waarmenia ndio walioshinda, wakateka pia wilaya za jirani, na mamia ya maelfu ya Waazeri wakafukuzwa makwao. Mauaji ya raia wa Kiazeri pale Khojaly, Februari 1992, yalifanywa na upande wa Waarmenia. Uturuki, kwa kuiunga mkono Azerbaijan, iliufunga mpaka wake na Armenia mwaka 1993.

Azerbaijan ilirudi na silaha bora mwaka 2020, ikashinda katika siku 44, kisha ikaizuia barabara ya Lachin, njia pekee ya chakula na dawa, kwa miezi. Shambulio la Septemba 2023 lilichukua siku moja tu, na ndani ya juma moja hivi watu zaidi ya 100,000, karibu wakazi wote, wakawa wamevuka kuingia Armenia. Wako wanasheria wanaosema kuwanyima watu chakula hadi waondoke ni kosa la aina ile ile, na wako wanaosema ni uhamisho wa nguvu usio na nia ya kuangamiza. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa kuwa baada ya shambulio njia ya kutoka iliachwa wazi na waliopita humo walifika wakiwa hai. Lakini mzee wa Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, ambaye bibi yake aliokoka jangwani Syria hawezi kulaumiwa kwa kutosubiri ufafanuzi wa wanasheria kabla ya kupakia gari. Agosti 2025 viongozi wa nchi hizo mbili walikutana Washington na mawaziri wao wakatia saini za awali kwenye rasimu ya mkataba wa amani. Suala la Waarmenia wa Karabakh kurudi makwao halijatatuliwa.